Kompresa Utakayonunua Ruangwa

Nachingwea, Alhamisi, kabla ya magharibi

Mwanangu Bakari,

Usicheke. Najua utacheka, kwa sababu tangu nizaliwe wewe ndiye unayeniita mama, nami neno hili la kukujibu nimelitamka mara chache sana. Ulinipa jina la mama yako mzazi, Esha, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwa desturi yetu jina likirudi, heshima nayo inarudi. Basi wewe fundi mzima, mwenye ndevu, ukawa mwana wa mtoto mchanga. Mama naye akawa mkwe wangu. Hata leo asubuhi amepita hapa na ungo wake akaniambia, "Mkwe wangu, ukimaliza kumlilia mwanao, vyombo vinakusubiri."

Mara ya kwanza kukuita mwanangu nilikuwa na miaka saba. Patasi ilikuteleza ikakukata kidole gumba, ukakaa juu ya lundo la maranda umekishika. Wateja walikuwepo, kwa hiyo nilikusogelea sikioni nikanong'ona, "Pole, mwanangu." Wewe ukasema kwa sauti, "Jamani, mama ameshasema pole. Kimepona!" Watu wakacheka, nami nikakimbilia jikoni nisitoke mpaka wote walipoondoka. Leo nimeliandika neno hilo kwa sababu karatasi hainikodolei macho, na kwa sababu kesho anayeondoka nyumbani ni wewe, na anayebaki mlangoni ni mimi.

Umekwenda Marambo kuwaaga ndugu zako. Nimekaa kwenye benchi lako la kazi, nimesukuma maranda pembeni. Mvua imenyesha mchana na mbao za mninga zinanukia. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku la zana, juu ya msasa, maana najua msasa ndio kitu cha kwanza utakachokitafuta.

Sitakuandikia habari za kula, kufua wala chandarua. Hayo mama amekwambia tangu Jumatatu na atayarudia kesho stendi. Nataka kukuandikia lile jambo uliloniachia asubuhi. Ulikuwa unafunga sanduku kwa kamba, ukasema bila hata kuinua uso, "Mama, kompresa ya kule utanichagulia wewe. Niandikie kwenye karatasi, Jumamosi nikienda dukani niwaoneshe." Kisha ukaendelea kukaza fundo, kana kwamba umeniomba chumvi.

Nilisema, "Haya, baba." Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya naanua nguo. Kompresa ya kwanza, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi, niliichagua mimi, na tunajua sote ilivyotufanya. Usichokijua ni namna nilivyoichagua. Nimekaa na jambo hilo mwaka mmoja na nusu. Na safari hii si kabati moja. Yule bwana wa Ruangwa anayejenga nyumba ya wageni amesema hataki kuona alama za brashi, na kwamba atautazama mlango wa kwanza ndipo aamue kama kazi ya vyumba vyote itakuwa yako. Mlango wa kwanza ukitoka na vipele, utarudi na sanduku lako kabla ufuta haujaota. Siwezi kukuacha uende na karatasi yangu bila kukwambia ukweli wa mtu aliyeiandika.

Unakumbuka ilikuwa likizo ya Juni, nikiwa kidato cha tatu. Mji mzima ulinuka salfa. Kila upande mashine za kupulizia mikorosho zilikuwa zinanguruma, na kila baraza lilikuwa na wanaume wanaobishana mashine ya nani ni bora. Tulipoingia lile duka la vifaa, foleni ilikuwa ya watu wa salfa watupu. Kompresa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na tangi dogo, lakini pampu yake ilikuwa kubwa, ya vichwa viwili, inazungushwa kwa mkanda. Nyingine ilikuwa nyekundu, ina magurudumu, tangi lake limevimba kama kuku anayetaka kutaga, na juu yake kipampu kidogo ambacho hata hatukukitazama.

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Fundi, chukua hilo tangi kubwa. Tangi dogo utashinda unajaza tu."

Mwingine akadakia, "Mwaka jana mimi nilinunua dogo. Mikorosho mitatu, unarudi kuchanganya dawa. Mikorosho mitatu, unarudi. Mke wangu akaniuliza kama napulizia au natembea."

Duka zima likacheka, nasi tukacheka. Ushauri wao ulikuwa wa kweli kabisa, kwa mashine ya mikorosho. Tangi la mikorosho linabeba dawa uliyokwisha kuichanganya, kwa hiyo likiwa kubwa unakwenda mbali. Hakuna aliyefikiri kwamba tangi la kompresa linabeba upepo tu, na kwamba upepo huo lazima utengenezwe wakati huohuo unapoutumia. Sisi wa huku tunapima kila mashine kwa macho ya korosho.

Kisha ukaniita. "Mama, hebu soma kibati. Kinasemaje?"

Hapo ndipo penyewe. Kibati kilikuwa ubavuni, kimeandikwa Kiingereza na Kichina. Mstari wa kwanza ulikuwa lita za tangi, hamsini, huo niliuelewa. Wa pili ulikuwa presha, nane, huo pia nilikuwa nimeusoma darasani. Wa tatu ulikuwa na namba, halafu lita tena, halafu dakika. Sikuuelewa. Nilijua kabisa kwamba siuelewi. Nilipoinua uso, muuzaji alikuwa ananitazama, wanaume wa salfa wananitazama, na wewe unanitazama kwa ile namna yako ya kujivunia. Nilitakiwa kuuliza, "Huu mstari wa tatu maana yake nini?" Maneno saba. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikasema, "Inafaa, baba."

Muuzaji hakutudanganya. Alituuzia tulichokiomba. Aliyekudanganya ni mimi, na sikukudanganya kwa tamaa wala kwa ubaya. Niliona haya, basi.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaandike, kwa sababu nataka ujue nami niliyaona. Kazi ya kwanza ya ile mashine nyekundu ilikuwa kabati la milango minne la Mzee Damiani wa Mnero, aliyekuwa anamwoza binti yake. Mlango wa kwanza ulianza vizuri. Bunduki ya rangi ilitoa ukungu laini, ukasema, "Mama, tazama, kama umande." Kabla hujafika katikati ya mlango, sindano ya geji ikaanza kushuka. Ukungu ukawa matone. Ukasimama kusubiri tangi lijae, na ulipoendelea, pale ulipoishia palikuwa pameshaanza kukauka. Ukapuliza, ukasubiri, ukapuliza, ukasubiri, mpaka mashine ikapata moto ikajizima yenyewe. Ikatema na maji, vanishi ikaota madoa meupe. Mlango mmoja ukawa na mistari kama mkeka.

Mzee Damiani alikuja na pikipiki kabla hatujajua la kufanya. Akalizunguka kabati, mikono nyuma. Akapitisha kiganja kwenye mlango, akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, kabati la binti yangu lina tetekuwanga?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa stoo. Nilisubiri useme, "Ni mashine, mzee. Binti yangu ndiye aliyeichagua." Ilikuwa haki yako. Wewe ukasema, "Limeambukizwa na mkono wangu, mzee. Nitalitibu."

"Utalitibu lini? Harusi wiki ijayo."

"Kabla ya harusi."

"Nami nilikuwa nimekuja kuagiza na makochi," akasema. "Basi ngoja kwanza."

Makochi yale alimpa fundi mwingine. Wewe ulilipiga msasa kabati lote, siku tatu, ukalipaka kwa brashi kama zamani, likatoka zuri, likaenda Mnero. Katika siku hizo tatu hukuniuliza hata mara moja, "Ulisoma nini kwenye kile kibati?" Mimi nilikuwa nimeshatunga majibu matano. Sikutumia hata moja. Siku ya pili ulinipa kipande cha msasa, ukasogea kidogo, nikakaa kando yako tukasugua. Uliongelea mpira wa miguu.

Aliyekuja kunifunulia ule mstari wa tatu si mwalimu wala simu. Ni mkwe wangu. Ilikuwa Septemba, siku ya kisomo cha bibi, yule mwenye jina. Mlikuwa mmeazima pipa kubwa ili maji yawatoshe wageni. Lilijazwa tangu alfajiri, likapendeza, na kabla wali haujaiva likawa limekauka. Wapishi wanapiga kelele, wageni wanataka kutawadha, na mchotaji ni mimi peke yangu, na kisima unakijua kilipo. Nikamwambia mama kwa hasira, "Pipa lote hili, maji yanaishaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Pipa kubwa halichoti maji, mkwe wangu. Anayechota ni mtu. Na mtu mwenyewe ni wewe, na umesimama."

Nilikwenda kisimani nikicheka peke yangu, watu wakadhani nimeguswa na jini. Baada ya wageni kuondoka nilichukua kamusi nikachuchumaa mbele ya ile mashine. Mstari wa tatu ulikuwa unasema pampu inachota upepo kiasi gani kwa dakika moja. Nikatafuta karatasi iliyokuja na bunduki ya rangi, ile tuliyoiacha ndani ya boksi. Nayo ilisema inakunywa upepo kiasi gani kwa dakika. Bunduki ilikuwa inakunywa zaidi ya mara mbili ya kile pampu inachochota. Tulinunua pipa zuri na mchotaji mmoja, halafu tukaalika kijiji kizima.

Nilikuja kukwambia kwamba pampu ni ndogo. Ukasema, "Ahaa!" ukanisifu, ukamwita na jirani aje asikie. Sikukwambia kwamba siku ile dukani nilikuwa nimeuona mstari huo na nikaupita. Ulivyozidi kunisifu ndivyo nilivyozidi kushindwa. Sasa nimekwambia.

Nimekosa, baba. Nisamehe.

Naandika "baba" hapo kwa sababu msamaha siwezi kuuomba nikiwa mama yako.

Kuna jambo lingine ambalo wewe hujui kama nalijua. Miaka yote hiyo, tukienda kununua vanishi, thina au gundi, ulikuwa unanipa kopo na kusema, "Mama, nisomee, macho yangu yana vumbi." Nami nilisoma mbele ya wauzaji, polepole, sauti ikinitoka kama maji ya bomba la kiangazi. Nilidhani kweli husomi vizuri. Mwaka jana nilisoma kopo moja nikaruka mstari, na wewe, ukiwa umetazama upande mwingine, ukasema, "Na kutikisa kabla ya kufungua, umekusahau." Ulikuwa umeshalisoma. Nadhani yote ulikuwa umeshayasoma. Hukuhitaji macho yangu. Ulitaka watu wanisikie nikiongea, na mimi nione kwamba sikufa kwa haya. Sijui nikushukuru vipi kwa jambo kama hilo.

Nakushukuru pia kwa ile mashine nyekundu. Mama alisema iuzwe, jirani akasema iuzwe. Wewe ukasema, "Haina kosa. Tuliipa kazi isiyo yake." Ukanunua bunduki ya pini za makochi, na kumbe pini inakunywa upepo kidogo tu, funda moja kwa pigo moja. Sasa mashine inapumzika kati ya pini na pini, nami ndiye ninayeishika. Makochi mangapi tumeyavisha vitambaa pamoja tangu hapo! Wakati wenzangu wanasubiri matokeo ya kidato cha nne wakiwa hawana la kufanya, mimi nina kazi mkononi, kwa sababu hukulitupa kosa langu. Nitaendelea nayo ukiwa hupo. Nitaitoa maji kila jioni kwa kile kikoki cha chini ya tangi ambacho zamani hatukujua kwamba kipo, maana maji hayo ndiyo yaliyotuletea yale madoa meupe.

Sasa kuhusu kompresa yako. Mchana nilianza kuandika kama ulivyoomba, kwa herufi kubwa, ili muuzaji asome. Niliandika kwamba usianze na tangi. Anza na bunduki. Ishike bunduki utakayopulizia, uliza inakunywa lita ngapi za upepo kwa dakika, kisha tafuta pampu inayochota zaidi ya hapo, izidi kwa theluthi hivi, ili mashine nayo ipate kuvuta pumzi. Wakikutajia namba, uliza kama ni ya upepo unaoingia kwenye pampu au unaotoka. Hapo wengi wanachanganya, hata bila nia mbaya. Ndoo hujaa kisimani, lakini ya kuhesabu ni ile inayofika nyumbani. Niliandika pampu iwe ya mkanda na ya kutiwa oili, maana utapuliza milango mchana kutwa na zile ndogo za kelele zinaungua upesi. Niliandika na chujio la maji, lifungwe kwenye mpira kabla ya bunduki, hasa msimu huu wa mvua. Niliandika uulize mota inahitaji umeme wa namna gani, na waya wa pale kazini uwe mnene, si kama ule wetu ambao taa za nyumba zilikuwa zinafifia kila mashine ikiamka. Tangi nililiweka mwisho kabisa. Likiwa la lita mia, vizuri. Likiwa dogo kidogo na pampu ni hodari, chukua pampu.

Nilipomaliza niliisoma, na sioni kosa ndani yake. Lakini nikakuona umesimama dukani Ruangwa, umemkabidhi mtu karatasi yangu, naye anaikunja na kusema, "Ya namna hiyo hatuna, fundi, ila chukua hii, inafanana." Utafanya nini? Utaitazama karatasi, na karatasi haiwezi kuuliza swali la pili. Itanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Na wewe, kwa upole wako, utasema inafaa.

Kwa hiyo nimeichana. Haimo humu, usiitafute.

Jumamosi ukifika dukani, usinunue kitu kwanza. Nipigie. Nitakuwa nimekaa hapahapa kwenye benchi na simu imejaa chaji. Weka simu juu ya kaunta, fungua spika, umwambie muuzaji kuna mtu anataka kumuuliza. Akisogea, mimi nitaanza. Sauti itatetemeka, unaijua. Pengine mwanzoni nitakaa kimya mpaka mdhani mtandao umekatika. Usiseme kitu kwa niaba yangu. Usiseme hata, "Mama, upo?" Subiri tu, kama ulivyokuwa unasubiri nikiwa na kopo la vanishi mkononi. Nitamuuliza mstari wa tatu unasemaje, na nisipoelewa jibu nitamwambia sijaelewa, na nitamuuliza tena.

Kama kuna foleni, watacheka. Watauliza huyo mtoto wa kike ni nani anayemhoji muuzaji namna hiyo.

Waambie ni mama yako.

Esha